Bibi, Walinificha kwa Sababu ya Mtihani

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuitika, lakini nikianza na neno jingine utasema nimeharibikia Ulaya, na hilo ulishanionya.

Nakuandikia kutoka kwa mama, hapa Singida Mjini. Yuko chumba cha mbele anashona sare za shule, cherehani inalia tangu asubuhi. Nina neno zito la kukuambia. Linahusu ulivyoondoka bila mimi kujua, na nilivyomnunia mwanao karibu mwaka mzima. Jana jambo hilo limefika mahali sikutegemea.

Unakumbuka siku niliyokuja Mtinko kukuambia nimechaguliwa? Ulikuwa kwenye kichanja chako cha vitunguu, umejifunga kanga kiunoni, unavigeuza kimoja kimoja visioze. Nikakueleza kwamba chuo chetu cha Dodoma kina mpango wa kubadilishana wanafunzi, kwamba sisi wa biashara tunapelekwa muhula mmoja nje, tunasoma, na siku nyingine tunafanya kazi kwenye kampuni ili tujifunze. Ukauliza mimi napelekwa kampuni ya nini. Nikasema, ya vitunguu, Bibi, huko Uholanzi. Weee! Ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Yaani unapanda ndege kwenda kufundishwa kuuza vitunguu? Na mimi niliyekaa hapa miaka yote ni kinyago?"

Halafu ukazunguka kijiji kizima kutangaza. Nilisikia mwenyewe ukimwambia mama mmoja kisimani kwamba Wazungu wameshindwa vitunguu vyao, wamemwomba mjukuu wako. Nikaona haya mpaka nikabadilisha njia. Na siku ya kuondoka ulinishika mkono ukaniagiza kitu kimoja tu: nikuangalizie vitunguu vya kule vinavaa nini, kwa sababu umesikia vinauzwa vimevalishwa nguo. Nilikuletea ule wavu mwekundu, Bibi. Niliuleta.

Kule Uholanzi, ghalani kwa kampuni, kulikuwa na mashine kubwa yenye kamera, inapanga vitunguu kwa ukubwa, watu wachache wamesimama pembeni wanatoa vibovu. Mimi nikawekwa hapo wiki ya kwanza. Mkono wangu ukafanya ulichoufundisha tangu nikiwa darasa la tatu: kidole gumba kwenye shingo ya kitunguu. Shingo ikiwa laini, usikitie ghalani, kitaoza na kuwaozesha wenzake. Wenzangu wakanitazama kama mchawi. Msimamizi wangu, mama mmoja mrefu anayekuja kazini kwa baiskeli, akachukua vile nilivyovitoa mimi, ambavyo kamera ilikuwa imevipitisha, akavikata katikati. Vyote ndani vimeanza kugeuka rangi. Akauliza nimesoma wapi. Nikasema kwa bibi yangu.

Jumapili ile nilikupigia nikakusimulia, na ukanijibu kwa Kinyaturu maneno ya majigambo ambayo siwezi kuyaandika hapa, maana barua hii inaweza kusomwa na wacha Mungu. Tukacheka wote. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyosikia sauti yako, na sikujua.

Jumapili iliyofuata mama alisema umelala. Nyingine ukawa umekwenda kanisani. Nyingine koo limekukauka, daktari kakukataza kuongea. Mimi nilikuwa naandika ripoti yangu ya mwisho kuhusu namna wakulima wadogo wanavyotunza vitunguu, na maswali yote yalikuwa yako. Vinaanikwa siku ngapi? Majani yanakatwa wapi? Kwa nini kichanja kinaelekezwa upepo unakotoka? Mama ananiambia, "Niambie mimi, nitamuuliza." Kesho yake jibu linakuja: "Bibi anasema hivi, Bibi anasema vile." Nikaandika yote. Nikaandika, "Bibi yangu anasema." Na mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha juu ya kaburi lako.

Nilirudi mwezi wa pili. Mama alinipokea stendi, akanikumbatia muda mrefu kupita kawaida yake. Nikasema kesho kutwa tukapumzike kwa Bibi, akasema hapana, twende leo leo. Nilifurahi, mjinga mimi! Tulipofika Mtinko ndugu walikuwa wamejaa uani. Nikajua wamekuja kunilaki. Nikapewa maji ya kunawa, nikaletewa ugali, mlenda na kuku, na kila nikisimama nije chumbani kwako naambiwa, "Kula kwanza, mama, kula kwanza." Nilipomaliza tonge la mwisho mama wadogo wawili wakaja kukaa huku na huku, wakanibana mabega. Ndipo mjomba akakohoa.

Wewe unajua desturi yetu. Habari ya msiba haipewi mtu mwenye njaa, wala aliye peke yake, wala aliyesimama. Lakini jamani, mimi nilipelekwa kwenye kaburi lenye nyasi! Zilishaota, zimeshapaliwa, zimeota tena. Watu wamelia, wamemaliza, wamesharudi kwenye mazungumzo ya mbolea, na mimi ndiyo kwanza naanza. Nililia peke yangu watu wengine wakinitazama kwa huruma ya mtu aliyeshamaliza yake.

Mama alisema uliugua wiki tatu. Wiki tatu, Bibi, ukiwa na akili zako na sauti yako. Nikamwambia neno ambalo mtoto hamwambii mzazi: "Umeniibia bibi yangu." Hakunijibu kwa ukali. Alisema tu, "Ulikuwa na mtihani. Ungeanguka huko, nani angekushika?" Nikasema ningejishika mwenyewe. Basi tangu siku ile tumekaa nyumba moja tunasalimiana, tunapika, tunakula, na hilo neno limelala katikati. Hakuna aliyeligusa. Mimi nina hasira za kwenu, unajua zilikotoka.

Sasa sikiliza la jana.

Mwaka huu chuo kimempeleka msichana mwingine kulekule. Anaitwa Rehema, wa Ikungi. Nikaombwa niwe namwelekeza kwa simu, kwa kuwa nilishapita: koti anunue wapi, mwalimu gani hataki mtu achelewe, usimwite msimamizi "Madam", atageuka kutafuta nani anaitwa. Ananiita dada. Ana mdomo kama wako, anacheka na kila mtu.

Wiki iliyopita baba mdogo wake alinipigia. Kaka yake, yaani baba yake Rehema, ameanguka, amelazwa hapa mjini, upande mmoja umelegea na madaktari hawana maneno ya matumaini. Akasema, "Binti, wewe umesoma huko, unaelewa. Ana mitihani wiki hii na ijayo. Akikuuliza, mwambie tu mambo safi."

Bibi, ungetegemea nimfokee. Si mimi niliyelia mwaka mzima? Nikasema, "Sawa, baba." Mtu mzima kanituma, nikaitikia. Na juzi Rehema kweli akaniuliza. Akasema nyumbani simu ya baba haipokelewi, mama yake anamkatiakatia maneno, dada niambie kuna nini? Nikamwambia, "Mdogo wangu, mtandao tu huku. Baba yuko salama. Wewe soma."

Nilimaliza simu nikakaa kitandani. Ilikuwa sauti ya mama. Maneno ya mama, hata namna ya kushusha pumzi mwishoni. Na nilivyosema vile nilikuwa nampenda yule mtoto, Bibi, nilikuwa namwonea huruma. Ndipo nikajua jinsi mama alivyokuwa anajisikia kila Jumapili.

Jana asubuhi nikaenda chumba cha mbele. Mama yuko kwenye cherehani. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, namtazama mgongo. Mguu wake ukaacha kukanyaga. Nilidhani atasema heri umenyamaza. Akasema, "Mwambie. Asije akarudi kama ulivyorudi wewe."

Kisha akageuka: "Lakini usimwambie akiwa peke yake. Kuna mtu huko wa kukaa naye?"

Nikasema anakaa chumba kimoja na Mkenya, msichana mtu mzima kidogo.

"Basi mpigie huyo kwanza. Ahakikishe mwenzake amekula. Akae naye karibu. Halafu ndiyo useme." Akachukua mtandio wake. "Ila hospitali tunakwenda wote, kwa sababu hatuvunji neno la mwenye mgonjwa nyuma ya mgongo wake."

Tukamkuta baba mdogo nje ya wodi, kakaa kwenye benchi na kofia yake mapajani. Nikampa shikamoo. Mama akampa pole za mgonjwa, akauliza hali, akakaa kwa adabu zote, kisha akasema kwamba tumekuja kuomba mtoto aambiwe. Mzee akakataa. Alikataa kwa upole, na sababu zake zilikuwa zilezile nilizoambiwa mimi: mtihani, umbali, baridi, mtoto wa kike peke yake.

Mama akasema, "Kaka yangu, yote hayo nayajua. Huyu hapa nilimficha kifo cha mama yangu mzazi. Nilimficha akafaulu mtihani. Hebu muulize kama alinishukuru."

Mzee akanitazama. Mama hakunitazama, alikuwa anaangalia vidole vyake.

"Hapana, baba," nikasema. "Sikumshukuru."

Mtu akapita na chupa ya uji. Nilitaka kuongeza maneno, nieleze, nimtetee mama hata kidogo, nikaishia kumsogelea tu. Mzee akafuta uso kwa ile kofia, akasema, "Mpigieni basi, wakati baba yake anasikia bado."

Yule Mkenya alifanya kama tulivyomwomba. Alimpikia mwenzake wali, akamsubiri amalize, akakaa naye kitandani akamzungushia mkono, ndipo akanipigia kwa simu ya video. Nikamwambia Rehema. Alilia kile kilio ambacho nakijua, akaniuliza kwa nini nilimdanganya juzi, nikasema nimekosa, nisamehe. Hakusema amenisamehe. Akasema, "Nipe baba."

Nikaingia wodini nikamshikia mgonjwa simu usoni. Mdomo wake umepinda, maneno yanatoka kwa shida, lakini alimtambua bintiye, Bibi. Mkono wake mzima uliinuka kwenda kushika kioo. Walizungumza kidogo tu. Alimuuliza kama huko mvua imenyesha. Rehema akasema inanyesha kila siku, baba, tena ya ovyo, haioteshi kitu. Na yule mgonjwa akacheka kwa upande mmoja wa uso, na mdogo wake pale mlangoni akatoka nje kwenda kulia.

Leo ninapoandika bado yupo, hatujui ya kesho. Rehema amesema mtihani atafanya. Akiamua kuuacha pia ni haki yake.

Tulirudi kwa miguu, mimi na mama, kwa njia ya kando ya ziwa Kindai. Kwa mara ya kwanza nikamwomba anisimulie siku zako za mwisho. Nilikuwa sijawahi kumuuliza, kwa ukaidi. Akanisimulia. Na majibu yale ya ripoti nikamuuliza aliyatoa wapi, wakati mimi nimemjua mtu wa cherehani maisha yangu yote. Akasema, "Kwani mimi nimelelewa na nani? Nimelala chini ya hicho kichanja kabla hujazaliwa." Nikacheka, naye akacheka. Kisha akasimama njiani. Akasema kuna jambo hajamwambia mtu.

Akasema siku mbili kabla hujaondoka ulimshika kanga ukamwambia, "Nipigie yule mtoto nimsikie." Na yeye, kwa kuogopa nisije nikasikia sauti yako ilivyokuwa imepungua nikajua, alikujibu kwamba nipo kwenye chumba cha mtihani na simu haziruhusiwi. Ukasema basi, muache asome. Hukuuliza tena.

Alilia pale barabarani, mtu mzima, bodaboda zinapita. Mwaka wote ule mimi namnunia, na yeye kabeba hilo peke yake. Nilimshika, Bibi. Nilimshika kama mama wadogo walivyonishika, mpaka akatulia, tukaenda nyumbani nikampikia nikahakikisha amekula.

Anakusalimia. Anasema umsamehe. Mimi msamaha wangu nimeshampa, jana hiyohiyo. Wako utazungumza naye mwenyewe, mama na mwanawe.

Lakini lile alilokujibu siwezi kuliacha hivyo. Nimekwenda kutazama kalenda yangu ya kule. Siku ile sikuwa na mtihani, Bibi. Hata darasa sikuwa nalo. Nilikuwa chumbani nafua soksi, simu iko juu ya meza, ina chaji. Ningepokea.

Lala salama, mama yake mama.

Ni mimi,
mjukuu wako wa vitunguu