Upande wa Upinzani

Jumatatu, 4 Machi
Tumeokota vikaratasi darasani kugawana pande — mimi na Tai tunapinga! Muswada wenyewe: mtoto mwenye kipato asipomtunza mzazi wake, faini au jela. Bunge linaujadili, nasi tunaujadili Ijumaa. Watakaoshinda watakiwakilisha chuo. Tai (huvaa tai hata Jumamosi, ndiyo maana ya jina) anashangilia. Yeye anakaa hosteli. Mimi nakaa kwa Mama.

Jumanne, 5 Machi
Nimefanya mazoezi bafuni, kwa sauti. "Mheshimiwa mwenyekiti, hakuna sheria ya kumlazimisha mtoto!" Kutoka — Mama huyo mlangoni. Akasema kumbe ndicho ninachosomeshwa. Nikajitetea, nimepangiwa tu, si maoni yangu. Akasema sawa, na yeye leo hakupangiwa kupika.
Nalala na chai.

Jumatano, 6 Machi
Sasa naitwa "upande wa upinzani". Upande wa upinzani, funga geti. Upande wa upinzani, simu yako inalia. Saluni kwake wameshaambiwa wote. Mteja mmoja kanikuta njiani akanisikitikia kwa kichwa, kama mtu aliyefiwa.

Ijumaa, 8 Machi
Mama alikuja! Safu ya mbele, na wasusi wenzake watatu, mikono kifuani. Tai alianza na vifungu, akakutana na macho yao, akaomba maji. Akaomba tena.
Zamu yangu. Hotuba yote ikayeyuka. Nikasema kilichobaki kichwani: muswada unasema "mzazi", hausemi mzazi gani. Aliyeondoka mtoto hajajua kufunga kamba za viatu, asijulie hali hata kwa simu — naye ni mzazi. Naye atashtaki, na atashinda.
Sikuthubutu kumtazama Mama.
Tumeshinda! Tai kanikumbatia, akalia, akachafua tai. Njiani Mama alinishika mkono mpaka nyumbani. Kapika.

Jumapili, 10 Machi
Baba kaja. Baba! Miaka yote hiyo, leo kabisha hodi, shati limepigwa pasi. Kasikia redioni habari za muswada, akaniuliza kwa upole, eti umefikia wapi?
Nimekimbilia chumbani. Naandika huku nasikiliza.
Mama yuko moto. Anamwambia uzazi ni kazi, si cheo, na yeye hakuripoti kazini hata siku moja. Lo — mbona hoja hiyo hakunipa Ijumaa!
Baba anakohoa. Anasema hakuja kudai. Goti limemchosha, chumba anachokaa kina ngazi nyingi. Alitaka tu aone nimefanana na nani.
Mama anamuuliza kama amekula. Hivi kweli? Huyu huyu Mama?
Kabati linafunguliwa. Sahani — moja, mbili. Ya tatu.
Ananiita. Siitiki.
Ila kandambili nimeshavaa.