Ukuta wa Kati wa Nyumba ya Serikali

Baba,

Ni mwezi sasa tangu tukuzike kule Namoruputh, na kila siku naanza kukuandikia nikiishia kwenye jina lako. Leo nitaanza na ile nyumba, maana hukuwa na hadithi isiyopitia humo.

Watu wa Lodwar waliiita Nyumba ya Serikali. Wakubwa kutoka Nairobi walifikia hapo. Wewe uliijua kabla haijawa nyumba: ukiwa kijana ulibeba maji kutoka mto Turkwel ya kuchanganyia chokaa, na wafungwa walipasua mawe kilimani, askari akiwasimamia na kiboko. Mzungu aliyeichora alilijua jua letu. Kuta nene, baraza kuizunguka pande zote, madirisha makubwa upande wa mashariki, na magharibi vijidirisha tu. Mapaa yalikuwa mawili, moja juu ya jingine, upepo ukipita katikati. Nje tuliungua, ndani mtu alitaka shuka.

"Nyumba ni nzuri," uliniambia siku moja tukifagia baraza. "Lakini nikishika haya mawe nasikia wale watu wakikohoa."

Uhuru ulipokuja ukapewa funguo, ukawa mtunzaji. Kwa kazi hiyo ulinisomesha mpaka nikawa mpiga chapa kwenye ofisi ya ujenzi.

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa, wageni wa serikali wakawa wengi. Bosi wangu akaona sebule ni ndogo, akaagiza ukuta wa kati ubomolewe. Ukaja ofisini, kofia mkononi.

"Mkubwa, hiyo ukuta ndiyo inashika paa. Ukitoa, yote inakuja chini."

"Mzee, wewe ni injinia?"

"Hapana. Mimi nilikuwa hapo ikijengwa."

Wakacheka. Na mimi nilitabasamu, Baba. Ulinitazama, nikaiinamia taipureta.

Mchana huohuo bosi akanisomea barua niipige kwa Kiingereza: mtunzaji anazuia kazi ya serikali, aachishwe kazi mara moja. Kesho yake ukaniletea bahasha nikusomee. Niliitazama karatasi niliyoipiga kwa vidole vyangu, nikasoma maneno ambayo hayakuwamo: "Serikali inakushukuru kwa utumishi wako mwaminifu. Sasa upumzike."

"Rudia hapo pa kushukuru," ulisema.

Nikarudia. Ukaikunja barua, ukaitia mfuko wa shati.

"Wakinishukuru namna hii, basi wamenisikia. Ukuta hawataigusa."

Hukwenda tena kuwaonya. Nilidhani nimekuepusha na aibu, kumbe nilikuziba mdomo.

Wiki mbili baadaye walimleta fundi kutoka Kakuma, Majok, mtu wa Sudan aliyekuwa mwalimu kwao kabla ya vita. Alipoubomoa ukuta hadi katikati, mapaa yote mawili yalimwangukia. Ulisikia kishindo ukiwa nyumbani, ukakimbia na umri wako wote. Nilipofika ulikuwa unachimbua mawe kwa mikono, damu ikikutoka kwenye kucha, ukimwita, "Ndugu yangu, sema kitu! Sema!" Ukamtoa akiwa hai. Mguu wake haukupona, ulikatwa.

Jioni hiyo uliniuliza, "Kama hawakunisikia, walinishukuru kwa nini?"

Nilisema sijui.

Kisha ripoti ikaandikwa kwamba paa lilianguka kwa uzembe wa mtunzaji. Hiyo pia niliipiga mimi. Watu sokoni wakakusalimu nusunusu, na wewe ukaanza kukohoa, ukakonda, mpaka ukaondoka.

Baada ya mazishi nilikwenda Kakuma kumtafuta Majok. Alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, magongo ubavuni. Nilipomwambia mimi ni nani, aliyasogeza magongo nipate pa kukaa.

"Mzee alikuja kuniona hospitali," akasema. "Alikuwa na barua. Akaniambia, soma, uone walivyonishukuru. Mimi nikasoma vile iko."

"Akasemaje?"

"Akaniambia nisome tena. Halafu akasema, 'Msichana wangu asijue kama nimejua.'"

Baba, baada ya siku hiyo uliishi miezi minane. Ulikula kwangu kila siku.

Jana nilipeleka maelezo kwa mkuu wa wilaya, D.C. Nimeandika kwamba ulituonya, nani alicheka, na nani alipiga ile barua na ile ripoti. Majok ametia sahihi chini ya yangu. Asubuhi hii nimeambiwa nisikanyage tena ofisini. Ripoti haijabadilishwa, na huenda isibadilishwe. Hilo nitalibeba.

Nisiloweza kulibeba ni hizo jioni. Ulikuwa ukimaliza kula, unakaa kidogo ukiniangalia, halafu unasema, "Haya, mimi nakwenda." Ulikuwa unanisubiri niseme?

Pumzika, Baba. Nimesema sasa.

Binti yako