Asali Aliyoileta Mwangi

Njeri mjukuu wangu,

Huku Makongeni tunamshukuru Mungu, na babako amepona kikohozi. Umeniuliza kwa nini nakuhimiza uile ile asali niliyokutumia badala ya kuiweka.

Kaka yangu Mwangi, aliyekuwa kibarua viwandani kule Industrial Area, alimletea mama chupa ya asali. Haukupita muda tukamzika. Mama hakuionja asali ile. Kila jioni aliifungua, akainusa, akalia. Mvua zilipoanza, unyevu uliingia, ikatoa povu na kuchacha.

“Mwanangu aliniletea nile,” mama alisema akiimwaga, “nami nikaiweka.”

Tangu siku hiyo, chochote tulichomletea sisi watoto wake alikila mbele yetu, hata akiwa ameshiba.

Nakuombea kila siku,
Shosho wako