Samaki Niliyemtukana

Elphas, usicheke. Nimejiaibisha mbele ya baba yake Gakii. Baba mkwe, bro!

Tuko Michigan. Nilimtoa Arlington kwa gari eti nimwonyeshe vile salmoni wakubwa huvuliwa. Unashusha chambo cha chuma hadi chini kabisa ya ziwa, unakiinua, unakiachilia. Mzee upande wake wa boti, mimi upande wangu, tumepeana migongo.

Uzi wangu ukavutwa. Wueh! Nikavuta, ukanivuta. Dakika kumi nzima.

Nikaanza kumtukana samaki. Kwa sauti! "Kuja hapa, mzee mjinga wewe! Leo nakukaanga!"

Nyuma yangu Mzee anahema, "Hata mimi nimepata!"

Mwenye boti akachungulia majini, akacheka hadi akaketi. Nyuzi zetu zilikuwa zimenasana chini ya boti. Hakukuwa na samaki. Nilikuwa navutana na baba mkwe.

Mzee mjinga, Elphas. Nilisema hivyo mara tatu.

Akakunja uzi wake polepole, akaniuliza, "Sasa utanikaanga na vitunguu?"

Kurudi Arlington ni masaa kumi na nane, na ashaketi kiti cha mbele cha gari, kando yangu.