Wanne niliowatoa kwenye taa

Mwenzangu, daktari wa mifugo ndiyo kwanza katoka hapa. Hata kulia sijalia.

Wale vifaranga wanne wa bata mzinga waliokuwa wanatanuka miguu, hawasimami, si nilikwambia ni ugonjwa? Jana nikawatenga kwenye ndoo huko stoo, mbali na taa ya kuwapa joto, wasije wakaambukiza wenzao. Leo nimewakuta wamekufa wote.

Daktari kawageuza, kachungulia boksi wanamokaa wenzao, akaniuliza, "Nani katandika nailoni humu?" Nikasema mimi, maana ni rahisi kufuta.

"Mama, hawa hawakuumwa. Walikuwa wanateleza. Kilichowaua ni baridi."

Hawakuumwa! Na mimi nimewatoa kwenye joto kwa mikono yangu hii.

Mmoja, nilipomtoa, alijikunja kiganjani akalala. Nikasema basi, huyu ndiye kazidiwa.