Salamu Yangu na Upinde wa Pembe

Jumamosi, baada ya Isha

Masikio bado yananiwaka. Leo dukani Mji Mkongwe mjomba alimwonyesha Mzungu mmoja, mkusanyaji wa silaha za kale, upinde wetu wa pembe. Mjomba akaukandamiza kwa goti ili autie kamba.

Nimesoma kwamba upinde wa pembe ukivuliwa kamba hujikunja kinyume. Ukiutia kamba kwa kuufuata mkunjo huo, upinde unavunjika, na mjomba alikuwa akifanya hivyo hivyo. Lakini nimkosoe mjomba mbele ya mgeni? Nikamnong'oneza mgeni kwa Kiingereza, maana mjomba hakijui.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwamkia tu, mjomba."

Mgeni akaitika kwa Kiswahili safi, "Marahaba, mjukuu wangu. Bwana, anasema unaukunja kinyume, utauvunja."

Upinde umepona. Mjomba ameniambia keshokutwa anakuja mgeni mwingine, nimwamkie vilevile.