Nimelegeza Nyuzi za Gitaa la Shemeji

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana nimefanya jambo ambalo hata mke wangu halijui. Mimi ni mpiga gambusi wa miaka sitini na mbili, mzaliwa wa Unguja, naishi Ghubra, na shemeji yangu Saeed, mume wa dada yangu, anapiga gitaa, tena muziki wa bluzi wa zamani wa mashambani huko Misisipi, Marekani, alikokaa miaka kumi na minane akafundishwa na mzee mmoja mchuma pamba, na mpaka leo anapiga vilevile alivyofundishwa, bila umeme wala ngoma, kishingo cha chupa kidoleni cha kutelezesha juu ya nyuzi na mguu unagonga sakafu, na kila Ijumaa watu wanajaa kwake, na gambusi langu liko juu ya kabati tangu maharusi walipoanza kutaka kinanda. Nilivumilia. Lakini binti yangu Buthaina, ambaye hajawahi kuniomba hata wimbo mmoja, alikwenda kumrekodi kaseti nzima, akaniambia, "Baba, Ami Saeed akifa haya yatapotea." Mimi je, nikifa hakipotei kitu?

Ijumaa iliyopita Saeed alizitia sawa nyuzi zake kwa sikio, watu wakaondoka kwenda kusali alasiri, mimi nikasema natia udhu nawafuata, nikabaki, nikalegeza nyuzi mbili, kidogo tu. Waliporudi akaanza kupiga, ikatoka sauti ya kuchusha, akajaribu kuzirudisha, kwa haya akazikaza kupita kiasi, na kwa kuwa nyumbani kwake hakuna anayethubutu kuligusa gitaa lile, hakumshuku mtu. Akanigeukia mimi mbele ya wote: "Awadh, nimelitia sawa mwenyewe sasa hivi. Masikio yangu yamekwisha? Nambie kweli, wewe ndo nnayekuamini." Nikamjibu, "Ndo umri huo, shemeji."

Juzi kaja kwangu kaliacha gitaa, kasema hapigi tena, bora nilishike mimi mwenye masikio. Liko sebuleni, na Buthaina kila akilipita analia. Uso wangu nitauweka wapi?

Awadh, Ghubra, Maskati

*

Bwana Awadh (jina nimelibadilisha, ingawa hukustahili hisani hiyo),

Mzee mzima wewe! Wenzako wamepanga safu mbele ya Mola, wewe umeshika gitaa la watu. Hasidi hana sababu, lakini wewe unayo, na nakuonea huruma. Inauma kumwona mtoto wako anahifadhi urithi wa mwingine na wako anaupita. Ila hebu niambie, lini ulimshushia hilo gambusi akalisikia? Saeed hakulinyamazisha. Ulilipandisha kabatini mwenyewe, ukakaa kungoja kubembelezwa.

Na usijidanganye kwamba ni nyuzi mbili tu. Nyuzi hukazwa zikarudi. Mpiga muziki asiyeyaamini masikio yake atategemea nini?

Sasa sikiliza. Leo hii, gazeti likiwa bado mkononi, libebe gitaa umrudishie. Usipige simu, usimtume dada yako. Mwambie, "Nilizilegeza mimi," wala usiyapambe. Akikufukuza, toka, ni haki yake. Ijumaa rudi, ukayaseme tena mbele ya walewale, Buthaina akiwemo, kwa sababu aibu aliyoipata hadharani haifutwi chumbani. Habari ya gambusi lako tutazungumza ukishamaliza hayo.

Shemeji yako alikuuliza kama masikio yake yamekwisha. Bado hujamjibu.